Hotuba ya Tarehe Kumi na Saba

Ilikuwapo nchi, na mpaka leo ipo. Kwenye ramani inaonekana vizuri, ila wenyewe wameomba isionyeshwe kwa kidole. Ilikuwa nchi ya furaha. Furaha ilikuwa na wizara yake, Wizara ya Burudani na Utulivu, na wizara ilikuwa na jengo la ghorofa sita lisilo na madirisha upande wa barabarani, ili watumishi wasivurugwe na wapita njia wenye nyuso za dhiki. Mwezi wa kumi, aliozaliwa Mtukufu Kiongozi, uliitwa kwa sheria Mwezi wa Shangwe. Aliyeuita Oktoba mbele za watu alirudishwa darasa la pili akasome upya majina ya miezi, na ilikuwa kawaida kumwona hakimu mwenye mvi amebanwa kwenye dawati dogo.

Mahali lilipojengwa jengo hilo la wizara palikuwa na nyumba ya kina Likunda. Ilibomolewa, na wa ukoo huo walibaki wawili tu. Mmoja ni Bi. Somoe Likunda, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na mitatu, mtunza maktaba ya kanda katika redio ya taifa. Kanda zake zilikaa kwenye chumba cha chini ya ardhi, na kila asubuhi saa moja na robo alipanda ngazi kwenda studio kusoma kipindi cha dakika tano kiitwacho Siku Kama ya Leo, akiwakumbusha wananchi mambo makubwa yaliyopata kutokea katika burudani ya nchi yao. Siku kama ya leo, bendi ya Polisi Wanamaji ilipata tarumbeta ya pili. Siku kama ya leo, sinema ya kwanza ilionyeshwa kwenye ukuta wa posta, na watazamaji wakakimbia mvua iliyokuwa ikinyesha ndani ya picha. Yalikuwa mambo mazuri, na mengi yalikuwa ya kweli.

Lakini kila mwaka, ikifika tarehe kumi na saba ya Mwezi wa Shangwe, tarishi alileta bahasha kutoka wizarani. Ndani yake mlikuwa na sentensi moja, na Bi. Somoe aliisoma kama ilivyo: "Siku kama ya leo hakikutokea kitu." Kisha zilifuata dakika nne na nusu za ngoma. Alikwisha kuisoma mara kumi na tisa.

Kitu chenyewe ambacho hakikutokea kilikuwa hivi. Wa pili wa ukoo ule, mdogo wake Asumini, alikuwa mwimbaji. Jumamosi moja alasiri alipanda jukwaani katika Ukumbi wa Redio, nyuma yake bendi ya watu saba, akaimba habari za mgeni aliyealikwa harusini kwa saa moja akakaa miaka kumi na minne, mpaka akawa anauliza bibi harusi ni nani na amefuata nini pale. Watu walicheka, kisha kila mmoja akageuka kutazama nani amemwona akicheka. Kabla wimbo haujaisha askari waliingia. Tangu siku hiyo Asumini yuko Gereza la Mlima Chokaa, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mjini. Kwa kuwa siku hiyo hakikutokea kitu, hakukuwa na kosa. Bila kosa hakukuwa na kesi. Bila kesi hakukuwa na hukumu. Na kifungo kisicho na hukumu hakina tarehe ya kwisha. Wanasheria wa nchi ile waliliona jambo hilo limenyooka kabisa.

*

Sasa habari za kanda. Mtukufu alipenda kuhutubia, na hotuba yake fupi ilikuwa ya saa sita. Kanda zilikuwa chache, kwa hiyo lilitoka agizo kwamba kila hotuba mpya ikirekodiwa, nyimbo za zamani zifutwe ili kanda zake zitumike tena. Bi. Somoe alipewa sumaku ya kufutia, kitu kizito cha umeme chenye mpini, mfano wa pasi ya kunyooshea nguo. Ukiipitisha juu ya kanda mara mbili, kila kilichomo kinayeyuka.

Alitakiwa afute nyimbo kila Ijumaa. Ijumaa ya kwanza aliushika mpini, mkono ukakataa. Akaifuta hotuba ya zamani, na nyimbo akazitia kwenye boksi lake. Ijumaa ya pili hivyo hivyo. Baada ya miaka ishirini nyimbo zote zilikuwa salama ndani ya maboksi yaliyoandikwa Hotuba ya Mtukufu, maboksi mia nne na kumi na mawili, na hotuba yenyewe haikubaki hata moja. Hakukuwa na mahali pa usalama zaidi nchini, maana tangu redio ianzishwe hakuna mtu, hata aliyeziandika, aliyewahi kushuka maktaba kuomba asikilize hotuba mara ya pili.

Kosa lake lilikuwa moja, nalo ni kosa la watu wa kazi yake peke yao. Jina la boksi aliweza kulidanganya bila kope kumtetemeka. Tarehe hakuweza. Kwa hiyo juu ya boksi la mdogo wake, chini ya maneno Hotuba ya Mtukufu, aliandika siku, mwezi na mwaka wa onyesho lile.

Mara moja moja, wenzake wakienda kula mchana, alifunga mlango akaiweka kanda ile mtamboni na kusikiliza. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wimbo wa tatu, beti mbili zikiisha, husikika buti ngazini. Hapo Bi. Somoe alizima. Kwa miaka ishirini hakuwahi kusikia kilichofuata. Siku yenyewe alikuwa huku huku chini, na alikuwa amezisikia buti zile zikipita juu ya kichwa chake.

*

Siku ya kumi na nne ya Mwezi wa Shangwe, Waziri wa Burudani na Utulivu, Mheshimiwa Kapurata, alishuka maktaba mwenyewe. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, na watu waliogopa upole wake. Nyuma yake alikuja Mkurugenzi wa redio, Bwana Lihanjala, ambaye mbele ya wakubwa alitembea ubavu ubavu ili asimpe mtu kisogo.

"Shikamoo mheshimiwa," alisema Bi. Somoe.

"Marahaba. Ndugu mtunza kanda, taifa lisilo na kumbukumbu ni taifa ambalo," akasita, "ambalo limesahau. Mtukufu ameagiza iandaliwe Orodha Kuu ya Matukio ya Burudani katika Mwezi wa Shangwe, tangu kuumbwa kwa nchi. Kamati imeketi wiki sita. Msomee, Mkurugenzi."

Bwana Lihanjala akasoma. Tarehe mosi, Mtukufu alicheka hadharani kwa mara ya kwanza. Tarehe nne, Mtukufu aligundua dansi. Ushahidi ulikuwa picha yake akiruka dimbwi. Tarehe tisa, Mtukufu alimsamehe mchekeshaji, na mchekeshaji akashukuru kwa kuacha kuchekesha. Tarehe kumi na mbili, Mtukufu aliingia sinema iliyokuwa katikati, na filamu ikaanzishwa upya mara tatu mpaka akaielewa.

"Siku thelathini zimejaa," alisema Waziri. "Kumi na saba iko tupu. Mwezi wa Shangwe wenye siku tupu ni kama mtu anayecheka na pengo. Tumekuja kuziba."

Akaanza kutembea kando ya rafu, kidole kikipita juu ya maboksi. Bi. Somoe alikifuata kidole kile kwa macho, na kwa kila boksi kililoliruka alivuta pumzi kidogo. Kilipita mwaka wa kwanza na wa pili. Kikafika mahali kikarudi nyuma.

"Hotuba ya Mtukufu," alisoma Waziri, "tarehe kumi na saba, mwezi wa kumi. Mkurugenzi, si tuliambiwa siku hii hakikutokea kitu?"

"Hotuba ya Mtukufu, mheshimiwa," alisema Bwana Lihanjala kwa uangalifu mkubwa, "haiwezi kuwa si kitu."

"Umesema vyema. Basi ndiyo tukio letu. Itarushwa nchi nzima."

Bi. Somoe alisogea mbele ya rafu. "Mheshimiwa, kanda hiyo ni ya zamani sana. Huenda imeharibika."

Waziri alimgeukia taratibu. "Maneno ya Mtukufu huharibika?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Nilidhani sikukusikia vizuri."

Boksi likafungwa kwa kamba na kupigwa muhuri wa nta pande mbili, likaachwa palepale rafuni mpaka siku yake. Karatasi ya makabidhiano ilisema kwamba muhuri ukikutwa umeguswa, mtunza kanda atahesabiwa kuwa amemgusa Mtukufu.

*

Ni lazima hapa zielezwe sheria mbili, kwa faida ya wasomaji wanaoishi katika nchi zisizo na utaratibu. Ya kwanza ilisema kwamba hotuba ya Mtukufu ikishaanza haikatizwi na mtu yeyote kwa sababu yoyote. Ya pili iliitwa Sheria ya Agizo la Papo Hapo. Lolote litakalotamkwa ndani ya hotuba, iwe inatoka kinywani au kwenye kanda, ni agizo, na linatekelezwa palepale na kila alisikiaye, mpaka hotuba nyingine ilitengue. Mwaka mmoja Mtukufu alisema katikati ya hotuba, "Subirini kidogo," akaenda msalani. Nchi nzima ikasubiri. Kivuko kilisimama katikati ya mto, na kinyozi mmoja alikaa dakika arobaini ameinua wembe juu ya shavu la mteja.

Ili mtu asikose maagizo, siku ya hotuba kila raia alisimama karibu na redio. Shuleni walisimama, hospitalini walisimama wanaoweza, na magerezani wafungwa walipangwa mistari uani chini ya vipaza sauti, pamoja na askari wao.

Tarehe kumi na sita, saa nane mchana, Bi. Somoe alipanda kwa fundi mitambo. Chilumba alikuwa mtu wa makamo mwenye maneno machache, na ndiye ambaye kesho yake angebonyeza kitufe.

"Kaka Chilumba," alisema, "ile kanda haina hotuba."

Chilumba aliendelea kusugua mtambo kwa kipande cha pamba. "Ina nini?"

"Ina Asumini."

Pamba ikasimama. Chilumba alinyanyuka, akachungulia kwenye korido, akafunga mlango.

"Weka nyingine."

"Imepigwa muhuri. Na hata isingepigwa, nyingine zina nyimbo. Hotuba hakuna, kaka. Nilizifuta zote."

"Hata ile ya subirini kidogo?"

"Mle muna taarabu."

Mabega ya Chilumba yakatikisika, lakini sauti ya kicheko haikutoka. Kisha uso wake ukabadilika. "Dada Somoe, hili jambo litatumaliza sote wawili. Mimi nina wajukuu. Nikisema mtambo umekufa, wataleta mwingine kutoka jeshini." Akafikiri. "Ile sumaku yako inapita kwenye boksi?"

"Inapita."

"Bila kugusa nta?"

"Bila kugusa nta."

"Basi umepona. Wataikuta kanda tupu. Tutasema ni uzee, ni joto, ni kitu gani. Watakufokea, watakushusha cheo."

"Cheo gani, na mimi niko chini ya ardhi tayari?"

"Nenda ukafute, dada. Nakuomba."

Alishuka. Aliliweka boksi mezani, akachomeka waya ukutani, na sumaku ikaanza kuunguruma. Ilitosha kupitisha mara mbili tu. Aliuinua mpini mpaka ukawa shibiri moja juu ya boksi. Alimwona Asumini akiwa na miaka saba, anaimba akiwa juu ya pipa la maji uani, nyumba yao ikiwa bado nyumba. Mtu huyu alikuwa hai huko Mlima Chokaa, kama alikuwa hai, na hapa mezani alikuwa hai kwa hakika. Bi. Somoe aliogopa jela, tena aliiogopa sana. Lakini aliona wazi kwamba wale waliomchukua mdogo wake hawakuweza kumfuta, na sasa kazi hiyo wanataka aimalizie yeye. Akachomoa waya. Kisha akakaa chini sakafuni na kulia mpaka saa za kazi zikaisha.

*

Kesho yake saa nne kamili nta ilivunjwa mbele ya Waziri Kapurata. Studio ilipambwa vitambaa. Bwana Lihanjala alishika Orodha Kuu kwa mikono miwili, na mezani ilikaa simu nyekundu ya Ikulu. Bi. Somoe alisimama ukutani, kwa kuwa utaratibu ulimtaka mtunza kanda awepo. Chilumba alivalisha kanda mtamboni. Alimtazama Bi. Somoe mara moja, akaelewa kwamba haikufutwa. Hata hivyo alibonyeza.

Kwanza lilikuja vumi la kanda. Kisha gitaa, kisha ngoma ndogo, kisha sauti ya mwanamke wa miaka ishirini na sita ikaingia bila haraka na kujaza nchi nzima.

Hakuna aliyesogea. Waziri alikuwa ameweka tabasamu la hotuba usoni, na tabasamu likabaki pale likiwa halina mwenyewe. Ubeti mzima ulipita.

"Mkurugenzi," alisema kwa upole, "hii ni nini?"

Bwana Lihanjala aliangalia boksi. Lilisema Hotuba ya Mtukufu. Akaangalia Orodha Kuu, yenye sahihi ya Waziri. Ilisema hivyo hivyo. "Ni hotuba, mheshimiwa."

"Hotuba."

"Kwa mujibu wa boksi, mheshimiwa."

Waziri alinyoosha mkono kuelekea mtambo, kisha akaukumbuka mkono wake na kuurudisha. Kuizima ilikuwa ni kumkatiza Mtukufu. Kusema si Mtukufu ilikuwa ni kusema kwamba sahihi yake mwenyewe ni ya uongo. Wimbo wa kwanza ukaisha, pakawa na ukimya, na katika ukimya wa hotuba sheria inataka makofi. Waziri akapiga makofi. Bwana Lihanjala akapiga. Nje, viwanjani na barabarani, nchi ikapiga makofi, na wakubwa kwa wadogo walioijua sauti ile walipiga kwa nguvu kuliko walivyotakiwa.

Wimbo wa pili ulipofika katikati, simu nyekundu ikalia. Waziri aliiinua kwa mikono miwili.

"Ndiyo, Mtukufu. Ni ya Ukumbi wa Redio, Mtukufu. Miaka ishirini." Akasikiliza muda mrefu, na shati lake likaanza kulowa mgongoni. "Ni kweli, Mtukufu. Ulikuwa bado kijana. Sauti ilikuwa nyororo. Ndiyo, Mtukufu, mpaka mwisho."

Akaiweka simu chini kama mtu anayeweka yai. "Amependezwa," alinong'ona. "Anasema siku hizi hawamwandikii hivi."

Wimbo wa tatu ukaanza. Mgeni akaingia harusini, akakaa, akala. Katika chumba kile watu wanne walisikiliza wakitazama sakafu. Ubeti wa kwanza ukaisha, kisha wa pili, na Bi. Somoe akajikuta anatembea kuelekea mtambo, maana mkono wake ulizoea kuzima hapo. Chilumba akamshika kiwiko.

Buti zikasikika ngazini. Ngoma ikaacha kupigwa. Kiti kikaanguka. Kisha sauti ya mwanamume, kubwa, iliyozoea kutiiwa, ikatoka kwenye kila redio nchini:

"Fungua milango yote. Kila mtu atoke nje aende kwao. Sasa hivi. Asibaki mtu humu ndani."

Ikafuata sauti ya Asumini, ya kuzungumza tu, bila hofu. "Bado ubeti mmoja," alisema. Kitu kikakatika, na kanda ikabaki ikizunguka tupu.

*

Waziri Kapurata alikuwa wa kwanza kuelewa. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaondoka kwenda kwao. Bwana Lihanjala alimfuata ubavu ubavu. Wanajeshi getini waliegemeza bunduki ukutani wakaenda kwao. Wizara ya Burudani na Utulivu ilifunguliwa milango, na watumishi wakatoka wakipepesa macho kwa jua. Mtukufu mwenyewe, ambaye hakuwahi kukaidi agizo lake, aliomba gari. Dereva alimuuliza kwao ni wapi. Wanaosema walikuwepo wanasema Mtukufu alifikiri sana, gari likiwa limewashwa, na kwamba hawakukaa kusikia jibu, kwa kuwa nao walikuwa njiani kwenda makwao.

"Nenda nyumbani, dada," alisema Chilumba akivaa kofia.

"Nyumbani kwetu walijenga wizara. Asumini akija, ataijua redio tu."

Chilumba alimsogezea kiti mpaka kwenye ngazi za mbele, akaenda kwa wajukuu wake.

Saa sita, hakuna mtu. Saa sita na nusu barabara ya Mlima Chokaa ikaanza kuleta watu, wafungwa na askari wao wamechanganyika, wote wana vumbi, wote wanatembea haraka. Bi. Somoe alimsimamisha askari mmoja aliyekuwa bado amebeba shada la funguo.

"Baba, Asumini Likunda alikuwamo?"

"Majina hatuna, mama. Tuna namba."

"Mwimbaji."

Askari alitikisa kichwa kwa huruma. "Kule haruhusiwi mtu kuimba." Akaendelea na safari.

Watu wakapungua. Saa saba wakakatika kabisa. Bi. Somoe alihesabu nguzo za umeme upande wa kushoto, akahesabu za kulia, akajiambia kwamba atazihesabu mara moja tena ndipo akubali. Alikuwa amefika ya tisa alipomwona mwanamke mwenye mvi, anachechemea, amejifunga kipande cha blanketi. Mwanamke huyo alifika chini ya ngazi akasimama kuvuta pumzi.

"Dada Somoe," alisema kwa sauti iliyokwaruza, "ule ubeti wa pili nilianza juu mno."

Bi. Somoe alishuka ngazi zote kwa mara moja. Walishikana.

"Mitambo inafanya kazi?" aliuliza Asumini baadaye, akijifuta uso kwa blanketi.

"Inafanya."

"Basi twende. Bado ubeti mmoja."

Walipanda studio. Mle ndani mtambo ulikuwa bado unazunguka, na mkia wa kanda ulikuwa unapigapiga. Kanda mpya hazikuwapo nchini, lakini juu ya meza ya simu nyekundu palikuwa na moja ambayo ilikuwa itumike kurekodi hotuba ya kufunga Mwezi wa Shangwe. Bi. Somoe aliichukua, akaivalisha, akamwekea mdogo wake kipaza sauti mbele ya mdomo. Sauti ya Asumini haikuwa ile ya kwanza. Ilikuwa nzito, ilikuwa na mikwaruzo, na mgeni wa harusini safari hii aliaga.

Ilipokwisha, Bi. Somoe alitafuta boksi na kalamu. Watu wote walikuwa makwao, na agizo lilikuwa halitenguliki mpaka itoke hotuba nyingine. Lakini yeye alikuwa mtu wa tahadhari, na alijua kitu kikiwekwa wapi hakiguswi. Aliandika tarehe kwanza, siku, mwezi na mwaka, bila kudanganya. Kisha juu yake, kwa mwandiko wake ule ule, akaandika: Hotuba ya Mtukufu, sehemu ya pili.